Bodi Hudumu, Mbao Huoza: Biashara ya Kufufua Boti Kuukuu za Alumini Marekani

Kila majira ya vuli, maziwa ya Minnesota, Wisconsin na Michigan yanapokaribia kuganda, boti kuukuu za alumini hushuka bei. Mwenye nayo hataki ilale uani kipindi chote cha theluji, na pengine ameshaweka oda ya boti mpya. Huiachia kwa dola mia chache, pamoja na trela yenye kutu na mashine ambayo haijawashwa kwa miaka. Mnunuzi huikokota hadi kwenye gereji ya nyumbani, huipindua na kufanya kazi mpaka Aprili. Barafu ikiyeyuka, boti ile ile huwa na sakafu mpya, viti vya kuzunguka, waya mpya na rangi, na bei yake imepanda mara kadhaa.

Katikati ya bei hizo mbili kuna biashara pana, na kwa sehemu kubwa kinachouzwa humo si boti. Ni plaiwudi, ribiti, epoksi, povu gumu, zulia, betri, pampu na vioo vya sonari vya kuonea samaki. Bati la alumini huishi kuliko kila kilichofungwa juu yake, kwa hiyo chombo kimoja kinaweza kuuza sakafu mara tatu na mashine mara nne. Kinachonisikitisha ni kwamba fedha nyingi huishia pale macho yanapotazama, huku uhai wa abiria ukitegemea sehemu tatu zisizoonekana: ubao wa tezi unaobeba mashine, ribiti za mkuku, na povu lililo chini ya sakafu.

Asili ya boti hizi ni vita. Kampuni ya Grumman ya Long Island, New York, ilikuwa ikiunda ndege za kivita za Hellcat. Mwaka 1944 mmoja wa wakuu wake, William Hoffman, alichoshwa na uzito wa mtumbwi wa mbao aliokuwa akiubeba kati ya ziwa na ziwa katika milima ya Adirondack. Alijiuliza kwa nini bati la ndege lisitumike. Vita vilipokwisha, Grumman ikaanza kuuza mitumbwi ya alumini, na mwaka 1952 kazi hiyo ikahamishiwa mji wa Marathon katika jimbo hilo hilo. Viwanda vilikuwa na bati la kutosha, na mafundi waliojua kupiga ribiti walikuwa tele. Alumacraft na Crestliner zilianza Minnesota mwaka 1946. Lund ikafuata mwaka 1948 katika mji mdogo wa New York Mills, jimbo hilo hilo. Ndiyo maana ukiigeuza boti ya miaka ya 1950 utaona mistari ya ribiti iliyopangwa sawasawa na ile ya ubawa wa ndege.

Hatua ya pili ilikuwa ya kibiashara zaidi ya kiufundi. Hadi miaka ya 1970 mvuvi alinunua boti kwa mmoja, mashine kwa mwingine, trela kwa wa tatu. Mwaka 1978 Johnny Morris, mwanzilishi wa maduka ya Bass Pro, alitoa boti ya Bass Tracker ikiwa kifurushi kamili: boti, mashine na trela kwa bei moja ya dola 2,995. Jina lilitokana na bass, samaki wa maji baridi ambaye wavuvi wa Naivasha wanamfahamu, kwa kuwa alipelekwa huko kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Mji wa Lebanon, Missouri, ambako boti za Tracker na Lowe huundwa, hujiita makao makuu ya dunia ya boti za alumini za kuvulia. Mwaka 2004 kampuni ya Brunswick, inayomiliki mashine za Mercury, ilizinunua Lund, Crestliner na Lowe kwa mpigo. Kuanzia hapo, kwa majina hayo matatu, anayeuza boti na anayeuza mashine wamekuwa mtu mmoja, na boti mpya ya wastani ikiwa na vifaa vyake huvuka kwa urahisi dola 15,000. Bei hiyo ndiyo inayowarudisha watu kwenye boti za babu zao.

Bati lenyewe lina sifa ya kustahili heshima. Alumini ya boti huchanganywa na magnesi, na inapokutana na hewa hujifunika utando mwembamba wa oksidi unaozuia isiendelee kulika. Uzito wake ni karibu thuluthi moja ya chuma, hivyo boti ya futi 14 ina takriban kilo 100 na watu wawili wanaibeba. Katika maziwa ya maji baridi bodi hukaa miaka 50 na zaidi. Hata ikishindikana kabisa, haikosi mnunuzi: tani ya alumini ikiwa dola 2,500 katika soko la dunia, kilo 100 ni dola 250, ingawa mnunuzi wa skrepa atatoa pungufu ya hapo. Bei ya boti kuukuu haishuki kirahisi chini ya bei hiyo ya skrepa, na muuzaji mwerevu anaijua kabla hujabisha hodi.

Kinachokufa ni mbao. Ubao wa tezi huwa na unene wa karibu milimita 38, yaani vipande viwili vya plaiwudi vilivyogandishwa pamoja na kufichwa ndani ya kasha la bati. Maji huingia kupitia matundu ya bolti, hayana pa kutokea, na mbao huoza polepole huku nje kukimeremeta. Mashine ya nguvu farasi 25 inaning'inia hapo ikisukuma na kutikisa. Ubao ukiwa umeoza, bati hujikunja, hupasuka pembeni, na siku ya mawimbi mashine inaweza kung'oka na kuzama. Kuubadilisha si kazi ya ghali: plaiwudi ya nje yenye gundi isiyoyeyuka, epoksi ya kuipaka pande zote pamoja na kila tundu, na bolti za chuma cha pua. Inataka subira tu, kwa sababu epoksi haikauki vizuri kwenye baridi, na gereji nyingi za kaskazini wakati wa Januari ni baridi kama nje.

Hapa ndipo duka la mbao linapomwumiza mnunuzi bila yeye kujua. Akiomba ubao usiooza, anapewa uliotiwa dawa. Mwishoni mwa mwaka 2003, dawa ya zamani ya mbao iliyokuwa na aseniki iliondolewa katika matumizi ya nyumbani Marekani, na zilizochukua nafasi yake zina shaba nyingi. Shaba na alumini vikigusana penye unyevu hugeuka kuwa kitu kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Nimeona maelezo ya boti zilizotobolewa na sakafu mpya ndani ya misimu michache, baada ya bati kuvumilia mbao za kawaida kwa miongo. Rangi za kuzuia viumbe wa majini zenye shaba zina athari hiyo hiyo, na vifungo vya shaba njano pia. Duka linalomhudumia vizuri mteja wa aina hii ni lile linalomuuliza kwanza mbao inakwenda kufungwa wapi.

Ribiti nazo ni somo. Zile za kiwandani ni ngumu, hupigwa na watu wawili: mmoja nje na nyundo ya hewa, mwingine ndani ameshikilia nondo nzito ya kukingia. Zikilegea boti huvuja. Njia ya kuzitambua haina gharama: boti ikiwa juu ya trela, mwaga maji ndani, kisha tambaa chini na chaki ukiweka alama kila panapodondoka. Iliyolegea kidogo inaweza kupigwa upya na kukaza. Iliyokwisha hutobolewa na kuwekwa nyingine kubwa kidogo. Wengi hukimbilia ribiti za bunduki, ambazo mtu mmoja anaziweka peke yake. Zinafaa juu ya mstari wa maji. Chini yake nashauri aina iliyozibwa mwisho pamoja na gundi ya baharini, na hata hivyo hazina nguvu ya zile za asili.

Kuchomelea kunavutia zaidi kwa mwonekano, lakini kuna ugumu wake. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, ilhali utando wa oksidi juu yake unahitaji zaidi ya 2,000. Fundi asiyeuondoa kwa brashi ya chuma cha pua atalitoboa bati kabla utando haujapisha. Inahitajika mashine maalumu, gesi ya agoni na mkono uliozoea, na boti nzee ina mafuta na rangi katika kila kiungo. Kwa karakana ndogo zenye ujuzi huo hii ni kazi yenye faida ya uhakika kila masika.

Povu ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Sheria ya usalama wa boti ya mwaka 1971 ilizaa kanuni kwamba boti za mashine ya nje zilizo chini ya futi 20, zinazoundwa tangu Agosti 1978, ziwe na kitu cha kuzielesha kwa usawa hata zikijaa maji. Mita moja ya ujazo ya povu gumu ina uzito wa kilo 32 hivi na huweza kubeba zaidi ya kilo 900 majini. Anayefufua boti hung'oa sakafu, hukuta povu limelowa maji ya miaka, hulitupa kwa haki, kisha huona pale palipokuwa na povu pana nafasi nzuri ya kuwekea fimbo za kuvulia. Kanuni humfunga anayeunda boti za kuuza. Gereji ya nyumbani haina mkaguzi. Boti inatoka nzuri kuliko ilivyozaliwa, na ikipinduka inazama. Anayeiuza boti ya namna hiyo bila kumwambia mnunuzi anafanya ubaya, hata kama hakuna sheria inayomshika.

Tuchukue hesabu ya mfano. Boti na trela dola 500, plaiwudi, epoksi na bolti za tezi 250, ribiti na gundi 80, povu 150, waya, swichi na pampu 150, rangi 150. Jumla ni dola 1,280, na chombo kimekuwa salama kwa miaka 20 mingine. Sasa ongeza mapambo: sitaha ya mbele na zulia 400; viti 200; mashine ndogo ya umeme ya kusogelea samaki pamoja na betri 700; sonari ya kawaida 1,000. Hizo ni 2,300 nyingine. Kampuni ya Johnson Outdoors ya Wisconsin inamiliki mashine za umeme za Minn Kota na sonari za Humminbird, kwa hiyo inapata mteja bila kujali bodi ni mpya au ya mwaka 1962. Tangu Garmin ilipotoa sonari ya kuonyesha samaki wakitembea, mwaka 2018, kifaa kimoja kinaweza kuwa ghali kuliko boti iliyokibeba.

Umeme huo una masharti. Fundi wa magari amezoea kutumia bodi kama njia ya kurudishia hasi. Kwenye boti ya alumini umeme unaopotea huila bodi yenyewe, hivyo kila waya lazima urudi kwenye betri. Uzito nao ni wa kuhesabiwa. Plaiwudi moja nene ya futi 4 kwa 8 ni karibu kilo 30, na betri kubwa ya risasi inakaribia hapo. Betri ya lithiamu yenye uwezo uo huo ni kilo 12 hivi. Kibandiko cha kiwandani kinachosema boti inabeba kilo ngapi hakikuhesabu sitaha uliyoijenga.

Sera nazo zimesukuma watu kuelekea gereji. Marekani iliweka ushuru wa asilimia 10 kwa alumini ya nje mwaka 2018, ikaupandisha hadi 25 Machi 2025 na 50 Juni mwaka huo, ilhali sehemu kubwa ya alumini ghafi inayotumika nchini humo hutoka Kanada. Ushuru unamwangukia anayenunua bati jipya; boti iliyoundwa mwaka 1970 ilishalipiwa. Kwa upande wa mashine, BRP ilisimamisha uundaji wa Evinrude mwaka 2020, jina lililokuwepo tangu 1909, na wanaotunza mashine hizo sasa hununua zilizokufa ili kupata vipuri.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, somo liko zaidi kwenye maziwa kuliko pwani. Maji baridi ya Victoria na Tanganyika yangelifaa bati hili. Maji ya chumvi yanadai vipande vya zinki vya kujitoa mhanga, yaani vya kuliwa badala ya bati, na uangalizi usiokoma, na fundi wa alumini mwenye agoni si rahisi kumpata nje ya miji mikubwa. Kwetu alumini chakavu huishia kuwa sufuria, nayo ni biashara yenye wateja wake. Lakini wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Minnesota, na si wachache, wako katikati ya soko lenyewe, katika jimbo lenye boti zaidi ya 800,000 zilizosajiliwa.

Anayetaka kujaribu aende Oktoba, si Mei. Ashike mashine kwa juu na kuivuta mbele na nyuma huku akitazama tezi: ikicheza, ubao umeoza. Abonyeze sakafu kwa kisigino, apime kwa mkono kama povu ni zito. Alinganishe namba ya bodi, ambayo tangu Novemba 1972 ina herufi na tarakimu 12, na karatasi za umiliki, kwa sababu boti nzuri isiyo na karatasi haisajiliki bila usumbufu. Kisha aombe ndoo kadhaa za maji zimwagwe ndani. Muuzaji akikataa, bei ipunguzwe kwa gharama ya ribiti zote za mkuku.