Rangi mpya haichimbi mtaro: kijiko cha mtumba kabla ya kulipia

BUJUMBURA. Fundi mzoefu wa Buyenzi akiitwa kukagua kijiko cha mtumba, haanzi na injini. Humwomba dereva ainue mkono wa nyuma kidogo kutoka ardhini, kisha hushika ndoo kwa mikono miwili na kuitikisa huku na huku. Chuma kikigongana kwenye viungo, ameshajua kile ambacho rangi ya manjano iliyopigwa wiki iliyopita ilikusudiwa kukificha.

Mashine hii yenye ndoo kubwa mbele na mkono wa kuchimbia nyuma wengi huiita JCB, hata ikiwa ni Caterpillar au Case. Jijini Bujumbura haikosi kazi. Mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushuka kutoka milimani na kupita katikati ya makazi kuelekea Ziwa Tanganyika, na mafuriko ya Februari 2014 yaliyoua makumi ya watu kaskazini mwa jiji hayajasahaulika. Kila masika kuna mitaro ya kuzibua, kingo za kujenga, mabomba ya maji ya kufukia na mchanga wa kupakia.

Ndiyo maana wafanyabiashara wa Bujumbura, Uvira na Kigoma huchanga mitaji yao wakanunua mashine moja ya kukodisha kwa saa. Mashine ikiwa nzima, inarudisha fedha. Ikiwa mbovu, watu wanne au watano wanabaki na deni, na chuma cha tani nane kimelala uwanjani.

Ukaguzi huanzia kwenye pini na bushi, yaani vyuma vinavyounganisha mkono, boriti na ndoo. Hivi huliwa haraka pale grisi inapokosekana, na bushi kubadilishwa ni jambo la kawaida. Tatizo ni pale tundu lenyewe linapopanuka, kwa sababu hapo chuma lazima kijazwe kwa kuchomelea na kuchongwa upya. Sehemu ya kuangaliwa kuliko zote ni nguzo ambayo mkono huzungukia kushoto na kulia. Ikicheza, matengenezo yake ni ghali.

Baada ya hapo macho yahamie kwenye boriti na chesisi. Mshono mpya wa kuchomelea, au bati lililobandikwa juu ya chuma, maana yake palikuwa na ufa. Muuzaji aulizwe ulitokana na nini. Kama rangi ni mpya eneo hilo tu, jibu liko wazi kabla hajafungua mdomo.

Mita ya saa nayo isiaminiwe peke yake, kwa kuwa inaweza kubadilishwa. Mashine inayofanya kazi saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hufikisha saa 2,000 kila mwaka. Yenye umri wa miaka kumi na mita inayosoma 3,000 ama ilipumzika sana, ama mita inadanganya. Pedali zilizosuguliwa hadi chuma kung'aa, kiti kilichochanika na mikono ya kuendeshea iliyolika husema ukweli zaidi.

Kwa injini, mnunuzi afike asubuhi bila kutangaza saa, aguse bloku kwa kiganja. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha mapema, na huenda alifanya hivyo ili kuficha shida ya kuwaka ikiwa baridi. Mnunuzi arudi siku nyingine. Ikishawaka, moshi wa buluu ni dalili ya kuunguza oili, na moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni onyo. Kifuniko cha kujazia oili kikifunguliwa huku injini ikinguruma, mvuke ukatoka kwa kasi, ringi za pistoni zimechoka. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maji ndani yake.

Haidroliki hupimwa kwa subira. Ndoo ya mbele ijazwe udongo na kuinuliwa, miguu ya nyuma ishushwe mpaka matairi yaache ardhi, alama iwekwe kwa chaki, kisha injini izimwe. Asisimame mtu chini ya ndoo wala karibu na miguu. Baada ya dakika 10 chaki itaonyesha kama kuna kilichoshuka. Kikishuka sana, mafuta yanavuja ndani ya silinda au kwenye vali. Fito zinazong'aa za silinda nazo ziangaliwe: mkwaruzo mmoja wenye kina hukata sili mpya kila inapofungwa.

Giaboksi huonyesha tabia yake ikiwa ya moto. Mashine ichimbe nusu saa, kisha ipandishwe mlima, na kwa bahati njema Bujumbura haikosi mlima: ukielekea Kiriri upo. Ikisita kushika gia ya mbele au ya nyuma wakati huo, ina ugonjwa ambao dakika tano za uwanjani zisingeuonyesha.

Zipo pia nyaraka, na hapo ndipo biashara ya kuvuka mpaka huangusha wengi. Namba iliyo kwenye kibati ilingane na iliyogongwa kwenye chesisi na iliyo kwenye karatasi. Kama mashine iliingizwa kwa msamaha wa kodi kwa ajili ya mradi wa barabara, kodi hudaiwa pale inapouzwa kwa mtu asiye na msamaha huo. Mnunuzi adai uthibitisho wa forodha, na ahakikishe mashine haijawekwa rehani benki.

Asitegemee pia kwamba mashine iliyonunuliwa Mwanza au Dar es Salaam itapita Kobero bila ushuru kwa kuwa Burundi iko ndani ya Jumuiya tangu 2007. Unafuu wa Jumuiya hufuata kanuni za uasilia, na mtambo uliotengenezwa Uingereza hauwi wa Afrika Mashariki kwa sababu ulichimba mitaro Mwanza. Cheti rahisi cha uasilia wanachokizoea wachuuzi ni cha mizigo isiyozidi dola 2,000. Makadirio yaombwe kwa wakala wa forodha au Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR, kabla ya malipo ya awali.

Mwisho ni hesabu. Bei ya muuzaji ijumlishwe na lobedi ya kuusafirisha, ushuru, matairi, bushi, sili na mafuta mapya. Spea ziulizwe kwanza, kwani chapa ya bei rahisi isiyo na vipuri karibu itangoja mzigo wa Dubai, na fedha za kigeni Bujumbura hazipatikani kirahisi.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayekataa injini iwashwe ikiwa baridi, au anayeharakisha kwa madai kwamba mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu, aachiwe mteja huyo. Ujira wa fundi wa siku moja ni mdogo kuliko bei ya tairi moja la nyuma.