Rafiki Anapotutoka

Leo tuzungumzie kufiwa na rafiki wa karibu.

Watu hupeleka pole kwa jamaa za marehemu. Wewe uliyekuwa naye kwenye chama, mkisaidiana kulea watoto, huachwa na uchungu wako kimya kimya. Uchungu huo ni wa kweli. Lia, na umtaje kwa jina mbele ya wanaomkumbuka.

Huzuni huingia mwilini pia: usingizi hukatika, chakula hakishuki, kichwa huuma. Kwa wengi hali hii hupungua polepole. Lakini ikiwa zaidi ya wiki mbili huwezi kufanya kazi zako wala kumtunza mtoto, nenda kituo cha afya. Ukiwaza kujiua, usingoje hata siku moja: mwambie mtu unayemwamini akupeleke hospitali.

Watoto nao waambie wazi kwamba amekufa. Ukisema amelala, mtoto mdogo anaweza kuogopa kulala.

Mama, kifo cha rafiki hutukumbusha kuwa kesho hatuijui. Ni jambo gani umekuwa ukiahirisha? Kama una miaka 25 hadi 49, nenda ukapimwe saratani ya mlango wa kizazi. Dalili zake huchelewa kuonekana, lakini ikigunduliwa mapema hutibika. Nendeni wawili, wewe na rafiki aliyebaki. Mkirudi, pikeni chai, mketi mzungumze. Msingoje kukutana matangani.

Hadi kipindi kijacho, jitunze.