Mama Aliyewinda Mawe ya Angani

Alikuwako mama mmoja nchini Marekani, jina lake Carolyn Shoemaker. Alizaliwa mwaka 1929, akakulia California, akasoma historia, siasa na fasihi. Sayansi hakuisomea. Aliwahi kufundisha shule, lakini kazi haikumpendeza, akaiacha. Akaolewa na mwanajiolojia aitwaye Gene, wakajaliwa watoto watatu, akawalea mpaka wakakua na kuondoka nyumbani. Alipofika umri wa miaka 51, akataka kazi mpya. Akaanza kusoma anga.

Gene ndiye aliyemwonyesha njia. Alikuwa amethibitisha kwamba shimo kubwa lililoko jangwani Arizona, lenye upana wa zaidi ya kilomita moja, halikutokana na volkano. Lilichimbwa na jiwe lililoanguka kutoka angani miaka 50,000 hivi iliyopita. Je, mawe mangapi ya namna hiyo bado yanakatiza karibu na Dunia yetu? Mtu hawezi kujihadhari na asichokijua, kwa hiyo ilibidi yatafutwe.

Mawe hayo huitwa asteroidi. Ni mabaki ya zile siku ambazo sayari zilikuwa zikiumbika, na mengi huzunguka Jua kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. La kwanza, Ceres, liligunduliwa mwaka 1801 na padri Giuseppe Piazzi, mjini Palermo, Italia.

Sasa, wanangu, jiwe lililo mbali kiasi hicho utalitambuaje katikati ya maelfu ya nyota? Kwenye picha ni nukta tu, na nyota nayo ni nukta. Kinacholifichua ni mwendo wake. Katika mlima Palomar, California, kulikuwa na darubini ndogo yenye upana wa sentimita 46. Gene na wenzake waliitumia kupiga picha sehemu moja ya anga, wakasubiri kwa muda, kisha wakaipiga tena sehemu ileile. Carolyn akazichukua zile picha mbili na kuziweka chini ya hadubini ya macho mawili, kila jicho na picha yake.

Hebu jaribu jambo hili. Simamisha kidole mbele ya uso wako, fumba jicho moja, kisha lifumbue na ufumbe la pili. Umeona kidole kinavyohama na ukuta wa nyuma ukitulia? Ubongo hutumia tofauti hiyo kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Basi Carolyn alipotazama, nyota zote zilikuwa zimetulia mahali pamoja, lakini asteroidi iliyosogea kati ya picha ya kwanza na ya pili ilionekana imejitenga nazo, inaelea peke yake. Nukta moja tu! Kuipata kulitaka kuipitia picha yote polepole, mstari baada ya mstari, saa nyingi, bila jicho kuteleza.

Usiku mmoja wa Machi 1993 mambo yalikuwa magumu. Mawingu yalikuwa yakija na kupita, na sehemu ya filamu yao ilikuwa imeingia mwanga ikaharibika. Hata hivyo Carolyn, Gene na mwenzao David Levy waliamua kuitumia. Carolyn alipozikagua picha hizo aliona kitu cha ajabu karibu na Mshtarii, akawaambia wenzake kwamba kinafanana na kometi, yaani nyotamkia, iliyobanwa. Kumbe ilikuwa kometi iliyovunjwa vipande na nguvu ya uvutano ya Mshtarii! Ikapewa jina Shoemaker-Levy 9. Julai 1994 vipande vyake viliigonga sayari hiyo, kimoja baada ya kingine, kwa siku kadhaa, vikaacha madoa meusi, mengine makubwa kuliko Dunia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanadamu kushuhudia magimba mawili ya angani yakigongana, na serikali zikaona kwamba kuwinda asteroidi si mchezo.

Mwaka 1997 Gene alifariki kwa ajali ya gari huko Australia, walikokwenda kuchunguza mashimo yaliyochimbwa na mawe ya angani. Carolyn aliumia, akapona, akarudi kazini. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 92. Alikuwa amegundua kometi 32, na orodha rasmi inamtaja kuwa mgunduzi wa asteroidi 377. Asteroidi namba 4446 inaitwa Carolyn kwa heshima yake.

Msimwache mtu yeyote awaambie kwamba mmechelewa, au kwamba anga ni ya wenye vyombo vikubwa. Mshtarii huonekana kwa macho matupu. Mwombeni mwalimu au mzazi awaonyeshe ulipo, utazameni wiki kadhaa mfululizo, na kila usiku mchore mahali ulipo kati ya nyota. Mtauona ukihama.