Mawe ya Pwani ya Uturuki, Nani Ayasomaye?

Wasomaji wengi wa pwani wanamjua Ibn Battuta kwa sababu ya usiku mmoja aliolala Mombasa mwaka 1331, kisha akashika njia ya Kilwa. Alitusifu kwa dini na kwa misikiti yetu ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na sifa hizo tumezishika tukazisimulia hata leo. Wachache ndio wanaomfuata zaidi ya hapo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1330 na kitu, mtu huyu wa Tanja alipanda chombo cha Wajenoa huko Ladhikia, nchi ya Shamu, na baada ya siku kumi akashuka Alanya, pwani ya kusini ya nchi tuiitayo Uturuki. Mwenye chombo alikuwa Mkristo, lakini alimkirimu na nauli hakumtoza.

Alipofika Antalya alijiwa na mtu mwenye nguo kuukuu na kofia ya sufi, akasemezwa Kituruki naye Kituruki hakijui. Akafasiriwa kwamba mtu yule anamwalika chakula yeye na wenziwe. Ibn Battuta akamwonea huruma, akidhani maskini huyo hawezi kuwalisha wageni wote wale. Kumbe ni fundi wa viatu, naye ndiye mkuu wa mafundi 200 waliojenga nyumba ya wageni, wakichuma mchana na kuwalisha wasafiri usiku. Kisa hiki ndicho kilichonitia hamu ya kuiona pwani ile, na mwezi wa Aprili, mimi na mke wangu, tulijaaliwa.

Sitawachosha na habari za Antalya yenyewe, maana ni mji mkubwa wenye mahoteli na kelele zake. Aendaye asikose kuuona mnara wa msikiti wa Yivli, uliojengwa na Waseljuki katika karne ya 13 kwa matofali, wenye migongo migongo mwili mzima. Asikose pia mlango wa mawe aliojengewa mfalme wa Kirumi, Hadrian, mwaka 130. Kisha na apande basi aelekee kusini-magharibi, kwani huko ndiko kwenye mambo.

Njia hiyo ina bahari mkono wa kushoto na milima mkono wa kulia, na mahali pengine milima inaingia baharini miguu yote miwili. Sisi tuliozoea pwani ya tambarare, mnazi na mchanga, tunashangaa. Mlima wa Tahtali una urefu wa zaidi ya mita 2,300 na uko karibu mno na maji. Asubuhi nilisimama ufukweni Çıralı, miguu imo baharini, nikaitazama theluji kileleni. Chini yake ni misonobari, na chini ya misonobari ni michungwa iliyokuwa ikichanua, harufu yake ikatukumbusha asumini za nyumbani. Na mizeituni! Tangu utotoni chuoni nimeisoma Sura ya Tini, Mola akiapa kwa tini na zeituni, na leo ndipo nilipokaa chini ya kivuli cha miti yote miwili katika kiwanja kimoja, nikinywa chai kwa istikani.

Ufuo ule wa Çıralı hutagwa mayai na kasa wa aina ya duvi, kuanzia mwezi wa Mei, kwa hiyo sisi tuliwatangulia. Nyuma yake, bondeni kando ya kijito, ndipo palipo magofu ya mji wa Olympos, yamefunikwa na miti kama Gede yetu. Na juu ya kilima cha jirani ni Yanartaş, yaani jiwe liwakalo. Hewa yenye kushika moto hutoka ndani ya mwamba, na ndimi za moto huwaka usiku na mchana, mvua na jua, tangu zaidi ya miaka 2,000. Wayunani wa kale walisema ni pumzi ya mnyama mwenye kichwa cha simba, mwili wa mbuzi na mkia wa nyoka. Sisi tulimkuta mtu amebandika birika lake la chai.

Lakini yaliyonishika mimi ni makaburi. Nchi hiyo zamani ikiitwa Lycia, na watu wake walikuwa na lugha yao na herufi zao 29. Huko Myra wameyachonga makaburi katika jabali juu kabisa, kila moja mfano wa uso wa nyumba, boriti na milango yote ikiwa ya jiwe. Mengine ni masanduku ya mawe yenye kifuniko kama mashua iliyopinduliwa. Mjini Kaş moja limesimama njiani, watu wanalipita na vikapu vyao vya sokoni. Na juu yake maandishi. Mengi husema fulani amelijenga kaburi hili kwa ajili ya mkewe na wanawe, na atakayemzika mtu mwingine humu atatozwa faini.

Haya yalikuwa maneno ya watu waliotaka kusomwa milele. Iskandar wa Makedonia alipita mwaka 333 kabla ya Masihi, Kiyunani kikafuata, na haukupita muda mrefu hapakuwa na mtu wa kuyasoma. Kizazi hakikukatika, iliyokatika ni lugha. Mwaka 1973, katika magofu ya hekalu la Letoon, lilifukuliwa jiwe lenye habari moja kwa lugha tatu: Kilycia, Kiyunani na Kiarami, ambacho ni nduguye Kiarabu. Kwa jiwe hilo wataalamu wamefumbua mengi, lakini si yote. Jiwe liko katika jumba la makumbusho la Fethiye. Mawe mengine ya jirani, ya mji wa Xanthos, yalichukuliwa na Mwingereza Charles Fellows miaka ya 1840 yakapelekwa London, na kaburi zima la kifahari limesimamishwa huko mpaka leo.

Sasa nisikilizeni. Katika mji mdogo mmoja njiani, baada ya sala ya Alasiri, nilikuwa nikitazama makaburi ya zamani uani mwa msikiti, yale yenye vilemba vya mawe. Kijana mmoja mwenye adabu akanisogelea, akaniita "amca", nami nikaelewa, maana ni ami yetu. Kwa Kiingereza chake kidogo akaniambia, "Ami, hapa yuko babu wa babu yangu, lakini sijui ni jiwe lipi. Wewe wayasoma haya?"

Nikayasoma. Juu, jina la Mwenyezi Mungu aliyebaki milele. Chini, mwaka wa Hijra, na kumwombea marehemu Fatiha. Katikati kilikuwa Kituruki, ambacho sikijui, lakini herufi ni zile zile za chuoni na jina la mtu halifichiki. Jiwe la nne likawa ndilo. Ikawa mimi, mtu wa Mombasa, ndiye niliyemwonyesha Mturuki kaburi la babu zake! Mwaka 1928 serikali yao iliziacha herufi za Kiarabu ikachukua za Kirumi, na waliozaliwa baadaye wakawa wageni mbele ya mawe yao wenyewe.

Akaniuliza, "Na kwenu mwaandika kwa hizi?" Nikamwambia twaliandika. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, kwa Kiswahili na kwa herufi hizi. Siyu ilisifika kwa waandishi wa misahafu. Babu zetu waliandikiana barua, hati za mashamba na mashairi ya kujibizana, mpaka wamishonari na serikali ya kikoloni walipotuletea a, b, ch. Mzee Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi kwa mkono wake mzuri, na leo atakaye kuziona nyingi katika hizo na aende London, kule kule yaliko mawe ya Xanthos.

"Na wajukuu zako wazisoma?" akauliza.

Kurani wanaisoma, alhamdulillahi, na mmoja amehitimu. Lakini mpe barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi hizo hizo, isiyo na irabu, uone atakavyokwama katika mstari wa kwanza. Walimu wa vyuo vyetu wangeweza kulimaliza jambo hili kwa saa moja kila wiki, na vitabu vya kufundishia vimo makabatini mwa wazee, vinaliwa na mchwa.

Kijana akatoa kikaratasi, akaniomba nimwandikie jina la babu yake kama lilivyo jiweni. Nikamwandikia. Akalikunja akalitia mfukoni, kisha akatupeleka kwao, mimi na mke wangu, na tulikuta watu kumi na sita wanatungojea kula.