Sindano ya maumivu: jibu maswali ya muuguzi kabla ya kudungwa

Mkaazi wa Nyakoe anayeumwa na mgongo baada ya siku nzima ya kuchuma majani chai huenda akafika kwenye kituo cha afya akiomba "sindano ya maumivu." Mara nyingi dawa hiyo huwa ni diklofenaki, ambayo hutuliza maumivu na uvimbe. Husaidia, lakini haifai kila mtu. Ndiyo maana muuguzi huuliza maswali kwanza.

Hutaka kujua kama mgonjwa ana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo au pumu, au kama aliwahi kudhurika na aspirini. Dawa hii inaweza kusababisha tumbo kuvuja damu, kudhoofisha figo na kumbana kifua mwenye pumu. Mama mjamzito aseme mapema. Katika miezi mitatu ya mwisho haitolewi, kwa kuwa inaweza kudhuru moyo na figo za mtoto tumboni. Mgonjwa ataje pia dawa alizokwisha kumeza, zikiwemo ibuprofeni na za shinikizo la damu.

Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 75, zinazodungwa ndani ya msuli wa kalio, sehemu ya juu upande wa nje. Hapo ni mbali na neva kubwa inayoshuka mguuni. Ikijeruhiwa, mguu unaweza kupooza. Jumla isizidi miligramu 150 kwa siku, wala siku mbili. Maumivu yakiendelea, hutumiwa vidonge. Sindano na bomba viwe vipya, na dawa isichanganywe na nyingine katika bomba moja.

Wengi huamini sindano ina nguvu kuliko vidonge. Faida yake kubwa ni kuanza kazi haraka. Tena hushusha homa bila kuua vimelea vya malaria, kwa hivyo mwenye homa na maumivu ya viungo apimwe damu kwanza.

Baada ya kudungwa, mgonjwa asiondoke mara moja. Akikosa pumzi au uso ukivimba, amwambie muuguzi papo hapo. Akiwa nyumbani, akiona choo cheusi kama lami, mkojo kupungua, ganzi mguuni au ngozi kuwa nyeusi palipodungwa, arudi hospitalini bila kuchelewa.

Wakaazi wanahimizwa kutokubali kudungwa na mtu asiye na leseni, awe dukani au nyumbani.