Kitazamio Kikilegea, Fokasi Huhama

Ukiipindua Yashica Mat-124G taratibu, kichwa chini, ukasikia kitu kinagonga ndani, usikimbilie gundi. Kwenye kamera nyingi za zamani kitazamio ni dirisha tu. Kikilegea, utakata vichwa vya watu pembeni mwa picha, basi. Kamera ya lenzi mbili kama hii ina mambo yake. Humo kitazamio ndicho kipimo cha fokasi, na kikihama kamera inakudanganya huku picha unayoiona juu ikiwa kali kabisa.

Lenzi ya juu, ya milimita 80, hupeleka mwanga kwenye kioo cha kuakisi kilichoinama, nacho huurusha hadi kwenye kioo cha ukungu unachokitazama. Lenzi ya chini, nayo ya milimita 80, huupeleka moja kwa moja kwenye filamu. Zote mbili zimefungwa kwenye bamba moja, zinatoka na kurudi pamoja. Sharti ni kwamba safari ya mwanga hadi kwenye kioo cha ukungu iwe sawa na safari yake hadi kwenye filamu.

Sasa tuseme kioo cha ukungu kimenyanyuka nusu milimita. Mtu ameketi mita 2 mbele ya lenzi. Unazungusha kitufe mpaka unaweza kuhesabu kope zake. Filamu, kwa hesabu ya lenzi hiyo, imefokasi kwenye mita 2.34. Pazia la nyuma linatoka safi, uso unatoka na ukungu. Nje juani, kwa f/11, kosa hilo karibu lote linafichika, maana ukali unaenea mbele na nyuma. Ndani, kwa f/3.5, halina pa kujificha. Ndipo watu wanapoanza kulaumu lenzi, filamu, hata macho yao.

Kinacholegeza mara nyingi ni mazoea ya kuinyanyua kamera kwa kushika kifuniko cha juu kinachokunjuka. Kifuniko hicho kimeshikwa na skrubu nne ndogo, na chini yake kioo cha ukungu kimebanwa kwa vibanio vyembamba vya chuma. Skrubu hizo ni za kipimo cha Kijapani, JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida haiingii sawasawa. Inateleza na kula kichwa cha skrubu, na hapo kazi ya dakika kumi inakuwa ya wiki.

Kabla hujakitoa kioo cha ukungu, tia alama ya penseli ukingoni kuonyesha upande wa juu na upande wa mbele. Kikirudishwa kimepinduliwa, uso wake wa ukungu unahama, na umejitengenezea kosa kubwa kuliko ulilokuja kulirekebisha. Kibanio kilicholegea kikunje kidogo sana kwa koleo nyembamba. Kioo cha kuakisi kilichoko chini usikipanguse kwa kitambaa: utando wake uko juu, wazi, na hukwaruzika kwa urahisi. Kipulizie hewa kwa pampu ya mpira, uachane nacho.

Kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, kisha dondoshea tone dogo la rangi ya kucha pembeni mwa kila kichwa ili zisilegee tena. Supagluu, nasisitiza, ikae mbali: mvuke wake huacha utando mweupe kwenye vioo.

Bado hujamaliza, ingawa wengi huishia hapa. Fungua mgongo wa kamera isiyo na filamu, weka kipande cha kioo bapa chenye selotepu isiyong'aa kwenye reli unapolala mkanda wa filamu, upande wa selotepu ukielekea lenzi. Iweke kamera kwenye stendi, shata kwenye B, f/3.5, na waya wa kufyatulia uliofungwa ili shata ibaki wazi. Elekeza kwenye mnara wa simu ulio mbali, fokasi kwa kioo cha juu, kisha kagua selotepu kwa lenzi ya kukuzia. Rudia kwa kitu kilicho mita moja na nusu. Kama pande zote mbili ni kali, rudisha filamu.

Zisipolingana, na kioo umehakikisha kimekaa sawa, kinachorekebishwa ni lenzi ya juu, kwa kuizungusha ndani ya nyuzi zake. Hiyo nampelekea fundi. Lenzi ya chini haiguswi, maana ndiyo inayopiga picha.