Tui, Karafuu na Jeli ya Watoto

Bibi arusi mmoja kutoka bara aliambiwa atie tui katika wali. Akaivunja nazi, akayamimina maji yake chunguni, akasubiri yageuke meupe mpaka wali ukaungua. Hakujua kwamba tui hukamuliwa kwa kifumbu, kutoka katika nazi iliyokunwa.

Tusimcheke mno. Wangapi miongoni mwetu hupakua pilau kila Ijumaa na bado hudhani karafuu ni mbegu? Ni tumba la ua, lililochumwa kabla halijachanua.

Lipo kosa lisilochekesha. Watoto huamini jeli ya Idi ni matunda, kwa kuwa pakiti imechorwa stroberi. Kinachoigandisha aghalabu ni jelatini, itokayo katika ngozi na mifupa ya wanyama, na mara nyingi mnyama mwenyewe ni nguruwe. Geuza pakiti, mama, usome kabla ya kulipa. Ipo jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kwa sheria. Ipo pia jeli inayogandishwa kwa karajinani, itolewayo katika mwani kama ule unaolimwa Kibuyuni, Kwale, ambao wengi wetu tukiukanyaga ufukweni huuita takataka za bahari.